Hukuchelewa Kusema

Komora mwanangu,

Nimekaa kwenye kiti cha watoto wa nasari, magoti yakinigusa kidevu, nakuandikia kwenye karatasi nilizochana katikati ya rejista. Ni saa tisa alasiri. Wewe uko Kulesa unaaga ukoo wa baba yako, na nawajua wale, hawatakuachia mpaka ule kambare wa watu wanne, kwa hiyo nina muda. Kesho alfajiri unapanda basi. Mambo ya neti, ya dawa, ya kufunga sanduku, ya nani usimwazime simu, dada yako ameshakuandikia kurasa mbili na mimi siongezi neno. Nina jambo moja tu, na naandika haraka, kwa hiyo ukiona mwandiko mbaya usiseme mama amezeeka.

Nimeshtuka, Komora. Yaani nimeshtuka mpaka nimejiogopa. Nimefundisha watoto wadogo miaka ishirini na sita. Nimeona mtoto akimeza chaki, nimeona nyoka akitoka kwenye boksi la vitabu, mafuriko yamewahi kutukuta darasani tukiimba. Lakini sijawahi kusimama na sufuria mkononi nikasahau nilikuwa naipeleka wapi. Leo asubuhi ndivyo nilivyosimama, na wewe uliniona.

Wacha nikusimulie nilivyoona mimi, kwa sababu wewe ulikuwa ndani ya jambo lenyewe, na aliye ndani haoni anavyoonekana. Nilisikia hodi. Ni Mama Habiba, muuza maziwa. Hapa Garsen nani hamjui? Mimi hununua kwake lita moja siku za wageni, namlipa, naondoka. Miaka yote hiyo sijawahi kukaa kwenye gunia lake hata dakika moja. Amesimama mlangoni na kibuyu cha maziwa, harufu ya moshi inatoka, ananiambia, "Nakuja kuaga kijana yangu." Nikadhani amekosea nyumba. Nilikuwa nafungua mdomo nimwelekeze kwa jirani.

Hapo ukatoka bafuni na taulo begani. Na Kiorma kikaanza kukutoka.

Jamani! Wewe! Wewe ambaye chakula cha jioni kinaisha umesema "asante" na "nimeshiba"! Ulikuwa unaongea kwa mikono, kwa macho, kwa shingo. Ulimwigiza mtu fulani, nafikiri chifu, kwa vile ulivyovuta suruali juu, na Mama Habiba akashika mbavu akaegemea ukuta wangu kwa kicheko. Halafu ukamwita kwa neno lao la mama. Kiorma sikijui, lakini neno hilo nani asiyelijua kwenye mto huu.

"Ala! Komora! Umejifunzia wapi haya?"

Mama Habiba akanitazama kama niliyemuuliza mto uko wapi. "Mwalimu, wewe hujui? Huyu alianza kusema kwangu. Alikuwa anasema mpaka mimi nachoka. Nasema, nyamaza kidogo, nihesabu pesa ya watu, yeye hapana nyamaza."

"Lini?"

"Wakati ule iko hivi." Akaweka mkono wake usawa wa goti.

Usawa wa goti, Komora. Ulipokuwa usawa wa goti hukuwa na neno hata moja. Nililiandika hilo mwenyewe kwenye daftari, kwa kalamu nyekundu, nikapiga mstari chini yake.

Sasa wacha nikwambie kile ambacho nilikufanyia, maana nusu yake unaijua kwa uchungu na nusu nyingine huijui. Ulipokuwa na miaka miwili hivi, mimi, niliyekuwa nafundisha bila cheti, nilianza kozi ya walimu wa nasari. Tulisoma likizo kwa likizo. Baba yako alikuwa kazini Mombasa, nyanya yako akaja kukaa nasi akulee. Na mimi, mwanangu, niliipenda ile kozi kwa pupa. Sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kuandikiwa ramani. Mwalimu wetu alibandika ukutani chati ndefu ya makuzi ya binadamu tangu anapozaliwa mpaka anapokufa, na kila umri una jina lake na kazi yake. Nilikuwa natazama ile chati moyo unadunda. Kumbe kuna watu wamekaa wakafikiria mambo haya! Kumbe mtoto anayetupa kijiko chini mara kumi hanichokozi, anafanya utafiti!

Nikainakili chati nzima na kuibandika juu ya kitanda chako. Kila Jumapili baada ya ibada nilikuwa nakupima. Anatembea? Tiki. Anapanda ngazi? Tiki. Anaunganisha maneno mawili? Hapo ndipo kalamu ilipoganda. Mwanzoni ulikuwa na vijineno, kama watoto wote. Halafu, ulipofika miaka mitatu, vikakatika. Kabisa. Ulikuwa unaitikia kwa kichwa, unavuta kanga yangu, unaonyesha kwa kidole. Nilingoja mwezi, nikangoja miezi sita. Nyanya yako, Mungu amrehemu, akawa ananiambia, "Muache, atasema tu." Na mimi nilimjibu nini? Nilimjibu, "Mama, haya mambo yana utaalamu wake." Mwanamke aliyelea watoto saba kwenye ukingo wa Tana, namwambia mambo yana utaalamu wake. Aliniangalia tu akaendelea kumenya ndizi.

Kwenye kozi tulifundishwa juu ya mtaalamu mmoja aliyechunguza akili ya mtoto kwa maji na vikombe. Unamimina maji sawasawa kwenye vikombe viwili, mtoto anakubali ni sawa. Halafu unachukua maji ya kimoja unamimina kwenye gilasi ndefu nyembamba, unamuuliza wapi kuna maji mengi. Mtoto mdogo atasema kwenye gilasi, kwa sababu yamepanda juu. Akikua kidogo atakucheka, atasema ni yale yale. Basi mimi siku moja, una miaka mitano, nikakukalisha mezani na vikombe vyangu. Nikamimina. Nikauliza kwa Kiswahili safi cha darasani. Wewe ukanitazama, ukatazama gilasi, ukaichukua ukanywa maji yote.

Nikaandika, "Hajafika."

Neno hilo moja lilikugharimu, mwanangu. Nilikurudisha darasa la wadogo kabisa la nasari mara ya pili. Nilikupeleka Malindi ukapimwe, na kule nako wakakuuliza kwa Kiswahili na Kiingereza, ukawatazama, wakatuandikia barua kwamba umechelewa kusema. Ulipoingia la kwanza, tayari umeanza kusema mawili matatu ya shule, nilikwenda mimi mwenyewe kwa mwalimu wako nikamwambia huyu ni mzito, usimuulize maswali mbele ya wenzake, atatokwa na machozi. Nilidhani nakulinda! Shule nzima ikalijua hilo neno. Wajomba zako wakalijua. Wakitaka mtu wa kupeleka ujumbe wanamtuma dada yako, wewe unatumwa kubeba magunia. Ulipotaka kuigiza mchezo wa Krismasi nilikuambia ushike taa. Ukashika taa miaka minne.

Na kama hiyo haitoshi, wiki tatu zilizopita nilisimama mbele ya kanisa kutoa shukrani kwa barua yako ya chuo, na kwa mdomo wangu huu nikasema Mungu amefungua kichwa cha mzito wangu. Watu wakapiga makofi. Wewe ulikuwa benchi la tatu, umeinamisha macho. Nilidhani ni unyenyekevu.

Rudi sasa asubuhi ya leo. Mama Habiba ameketi, nimempa chai, na mimi bado sijaelewa. Nikamuuliza ilikuwaje mtoto wangu akafika kwake. Akasema kwa urahisi kabisa, "Mama mkubwa alikuwa naleta." Mama mkubwa ni nyanya yako. Alikuwa anauza ndizi na samaki upande wetu wa barabara, Mama Habiba anauza maziwa upande wa pili. Na wewe unajua miaka ile ilivyokuwa. Wakulima, sisi Wapokomo, na wafugaji, wao Waorma, hawaangaliani, vijiji vinalala vikisikiliza, sokoni kila watu na upande wao. Mimi nilikuwa nimetoa amri: mtoto wangu asivuke ile barabara. Nyanya yako akasema sawa. Halafu kila alipohitaji kwenda Kulesa kukata ndizi shambani, na alihitaji siku nne kwa wiki, alikuvusha akakuacha kwenye gunia la Mama Habiba pamoja na mtoto wake. Jioni ananiambia, "Tumeshinda shambani na mjukuu wangu." Nami namsifu mtoto kwa kuvumilia jua!

Nilitaka kumkasirikia leo: alijua unasema, na hakuweza kuniambia bila kujifichua. Hayupo wa kukasirikiwa. Na angekuwepo, sijui ningeanzia wapi.

"Huyu ndiye alikuwa napima maziwa," Mama Habiba akaendelea. "Mtu anakuja na chupa refu, anasema hapana, hii ni kidogo, niongeze. Huyu anakasirika! Anasema, ni ile ile! Ni ile ile ya kikombe!" Akakuigiza, kidole juu, sauti nyembamba. Alisema kwa Kiorma kwanza ndipo akanitafsiria.

Ni ile ile. Anasema ulikuwa na miaka minne na nusu, Komora. Kabla ya vikombe vyangu!

Nikakugeukia. "Sasa siku ile mbona ulikunywa yale maji?"

Ukacheka kidogo, ukajikuna shingo. "Mathe, nilikuwa na kiu."

"Kiu!"

"Tena nilidhani unanitega. Ulimimina mbele yangu. Kila mtu aliona ni yale yale."

Ningekuwa na nguvu ningecheka na mimi. Na ningeishia hapo ningelala vizuri usiku wa leo: mama amekosea kipimo, mtoto yuko sawa, tumshukuru Mungu, tufunge sanduku. Lakini mimi mwalimu, siwezi kuacha swali katikati. Nikakuuliza mbele ya Mama Habiba, na kwa sauti ya juu nadhani, "Kama ulikuwa unasema huko, kwa nini nyumbani hukusema? Kwa nini hukuniambia mimi?"

Halafu ukasema kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake mahali alipoacha funguo, "Si uliniambia nisiseme."

Nikasema sijawahi. Nikaapa. Ndipo uliponikumbusha siku yenyewe, na ulipoitaja ikaja yote, na vumbi lake na harufu yake. Uani kwetu pamejaa watu, tunalia msiba. Kijana wa jirani amezikwa jana, na kila mtu alijua au alidhani anajua nani aliyemuua. Mimi nimekaa mkekani na akina mama. Wewe ukaja mbio kutoka nyuma ya nyumba, umeona kitu, sijui kuku, sijui mjusi, ukataka nije nione. Ukanishika mkono ukasema, "Kotu! Kotu!" Ndiyo njoo, kwa Kiorma. Wale akina mama wakainua vichwa.

Nikakuziba mdomo kwa kiganja. Nilikuziba kwa nguvu, pua na mdomo, mpaka macho yakakutoka. Nikakuinamia sikioni nikasema, "Usiseme. Usiseme tena. Umesikia? Usiseme kabisa." Ukaitikia kwa kichwa. Nikakuachia. Nikawaambia wale akina mama ni mambo ya sokoni, watoto hawajui. Kisha nikasahau. Mungu ananiona, nilisahau siku ile ile. Kwangu ilikuwa dakika moja ya woga kwenye siku ndefu ya msiba.

Nikakwambia leo, "Lakini nilimaanisha Kiorma, Komora! Nilimaanisha usiseme Kiorma!"

Na wewe ukasema, "Mathe, nilikuwa na miaka mitatu. Ningejuaje ipi ni Kiorma na ipi si Kiorma?"

Hapo ndipo sufuria ilipokuwa mkononi mwangu na sikujua naipeleka wapi.

Nimekaa na sentensi hiyo tangu asubuhi. Mtoto wa miaka mitatu hana Kiorma, hana Kipokomo, hana Kiswahili. Ana maneno tu. Anajua haya ni ya nyanya, haya ni ya mama wa maziwa, haya ni ya mama. Lugha kuwa na kabila, lugha kuwa na upande wa barabara, hayo tunamfundisha sisi baadaye. Mimi nilikuwa na chati nzima ukutani na hilo sikulijua. Nilikupa amri, na wewe ukaangalia maneno yako yote, hukuweza kujua ni lipi baya, ukayaweka yote chini. Mbele yangu tu. Nisipokuwepo uliendelea.

Hukuchelewa kusema. Ulinitii.

Na ndiyo maana naandika badala ya kukungojea nikwambie uso kwa uso, kwa sababu najua nikianza kuongea utaniambia "ni sawa tu, Mathe," kama ulivyoniambia asubuhi, na mimi nitakimbilia hilo "sawa" nijifiche. Si sawa. Usiniambie ni sawa. Miaka miwili na zaidi mtoto anatii amri ambayo aliyeitoa ameshaisahau, halafu huyo huyo anampa jina kwa sababu ametii. Sijui hilo linaitwaje. Kwenye chati halikuwepo.

Ninachoogopa ni kitu kimoja tu. Kesho utaingia kwenye basi na lile jina mgongoni. Nimekuwa nikikutazama hizi wiki: umejiandikisha saikolojia, na kwenye karatasi za chuo nimeona somo lenyewe, makuzi ya binadamu tangu utotoni hadi uzeeni, na dada yako akakuuliza kwa nini umechagua hilo, ukasema, "Nataka kujua mimi nilikuwa na shida gani." Ulisema kama mzaha. Nilikusikia nikiwa jikoni na nikaona ni jibu la busara! Komora, nisikilize. Hukuwa na shida. Usiende kuitafuta. Wataalamu wale watakufungulia mlango baada ya mlango na wewe utaingia kila chumba ukimtafuta mgonjwa ambaye hayupo. Shida ilikuwa na mimi, na ilikuwa na mwaka ule, na ilikuwa na ile barabara.

Usije ukadhani nakuambia elimu hiyo ni uongo. Sivyo. Hata leo nikimpokea mtoto mpya naitumia, na imenisaidia kumtambua msichana asiyesikia ambaye nyumbani walimpiga wakidhani ni mkaidi. Yule wa vikombe, mwalimu wetu alituambia, alianzia kwa watoto wake mwenyewe. Alikaa nao sakafuni, akawauliza, akaandika walichosema, hata cha kipumbavu, hasa cha kipumbavu. Mimi nilichukua majibu yake nikaacha kukaa sakafuni. Kuna mwingine alisema mtoto hukua kwa kushikwa mkono na mtu aliyemtangulia hatua moja, kwamba kile anachofanya leo kwa msaada kesho atakifanya peke yake. Nilipata alama nzuri sana kwenye swali hilo. Niliandika mifano mitatu. Na siku hizo hizo mtu aliyekushika mkono alikuwa amekaa kwenye gunia upande wa pili wa barabara anakufundisha kupima maziwa, na mimi nilikuwa namlipa pesa yake bila kumtazama usoni.

Na kuna yule aliyeyagawa maisha vipande vinane, kila kipande na mvutano wake. Huyo ananichoma zaidi. Kipande cha pili, cha mtoto wa miaka miwili mitatu, alisema ni mvutano kati ya kujiamini kufanya mwenyewe na kuona aibu. Nilikifundisha. Nilisimama mbele ya wanafunzi wenzangu zamu yangu ilipofika, na chaki mkononi, nikaeleza jinsi mzazi anavyoweza kumjaza mtoto aibu kwa tendo dogo. Nimepiga hesabu mchana huu. Ilikuwa likizo ile ile iliyofuata ule msiba. Wiki tatu, labda nne. Nilipigiwa makofi na hapo pia.

Kwenye chati yake mimi sasa niko kipande cha saba. Umri wa kati. Anasema hapo mtu ama anawajengea wanaokuja nyuma, ama anadumaa. Nilikuwa najiona nimepita kwa heshima: nasari ina mabati mapya, watoto mia kadhaa wamepitia mikononi mwangu. Nilidhani nimeshamaliza kukua, kilichobaki ni kuzeeka. Leo nimegundua kuna mahali nilisimama nikiwa na miaka ishirini na tisa, mkekani, na kiganja changu kwenye uso wa mtoto, na sikuwahi kusogea kutoka pale. Inawezekana mtu akawa na miaka hamsini kasoro na sehemu moja yake bado iko uani inaogopa majirani. Ukisoma huko ukakuta wameandika kuhusu hilo, nitumie ujumbe.

Lile daftari la kalamu nyekundu nimelitoa chini ya kitanda. Nilitaka kulichoma. Nimeacha. Liko juu ya sanduku lako, ukilitaka lichukue, usipolitaka liache hapo hapo. Ni lako, limeandikwa juu yako. Utaona mwandiko ni mzuri, tarehe zote ziko, mistari imenyooka. Siku moja utakuwa na kalamu mkononi na mtoto wa mtu mbele yako amenyamaza. Ukilisoma, utajua kwamba aliyeandika alikuwa anampenda yule mtoto, na bado aliandika uongo ukurasa baada ya ukurasa. Kabla hujaandika lolote, uliza ameambiwa nini na nani.

Kesho mchungaji na watu wa kanisa watakuja kukusindikiza, na kama kawaida watampa mzazi nafasi ya kusema. Nitasema. Nitasema nilichokosea, na nitasema ulikuwa unasema wapi na kwa lugha gani, na wale akina mama wa mkekani waliobaki watakuwa wanasikiliza. Usinivute kanga. Baba yako nimeshampigia simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Na mimi nilimwambia ajifunze useremala." Atakupigia mwenyewe.

Imebaki jambo ambalo hujui, kwa sababu ulikuwa umeshaondoka kwenda Kulesa. Saa sita nilivuka barabara. Nilikwenda kwa Mama Habiba sokoni. Safari hii nikakaa kwenye gunia. Alinisogezea upande wa kivuli bila kuniuliza nimekuja kununua nini.

Nilikwenda kwa sababu kuna ukurasa mmoja wa daftari ulikuwa unanisumbua. Kwenye kozi walitufundisha kwamba ukitaka kujua mtoto ameshikamana vipi na mama yake, usiangalie mama anapoondoka, angalia anaporudi. Je, anamkimbilia? Analia? Anamgeuzia mgongo? Basi nami nilikuwa natoka nasari jioni, nafika kwenye kibanda cha nyanya yako, na wewe unasimama tu. Hukimbii. Hulii. Umesimama wima, unanitazama, mdomo umefungwa. Niliandika kwamba mtoto huyu hana habari na mama yake. Nililia nikiandika, hata wino umepauka hapo. Miaka yote hii nimeishi nikiamini kwamba ulipokuwa mdogo hukunipenda, na nikasamehe, nikasema ni sehemu ya uzito wako.

Nikamuuliza Mama Habiba, "Jioni, nikikaribia, alikuwa anafanya nini?"

Akasema, "Jioni? Wewe unatokea kule kwa kona, mbali, mimi hapana ona. Yeye naona. Naacha kikombe, naruka. Nasema, mama yangu huyo! Mama yangu nakuja! Mama yangu huyo, mama yangu huyo! Anaambia mimi, anaambia mtoto yangu, anaambia mbuzi. Mama mkubwa anaita, yeye navuka barabara bado nasema. Halafu wewe ukifika karibu…"

Hakumaliza kwa maneno. Aliinua kiganja chake akajiziba mdomo, kwa nguvu, pua na mdomo.

"Namna hii," akasema alipokitoa. "Mwenyewe."

Nilikuwa nakuja, mwanangu. Kila jioni nilikuwa nakuja, na sikukusikia hata siku moja.

Mama yako